Kamera ya kukunja: namna negativu kubwa inavyoingia kwenye mfuko wa koti

Super Ikonta 531, kamera ya kukunja ya Zeiss Ikon ya Ujerumani, ikiwa imefungwa ni kitu bapa cha chuma kilichovikwa ngozi nyeusi, na inaingia kwenye mfuko wa koti bila shida. Bonyeza kitufe chake: mlango wa mbele unafunguka, lenzi inachomoza na kujifungia mahali pake. Picha utakayopiga hapo itakaa kwenye kipande cha filamu chenye eneo karibu mara tatu ya kile cha kamera za milimita 35. Kamera nyingine zinazotumia filamu hiyohiyo, iitwayo 120, kama Rolleiflex ya lenzi mbili au Hasselblad ya mwaka 1948, ni masanduku ya kuning'iniza shingoni, na baada ya nusu siku ya kutembea nayo shingo inakukumbusha.

Anayeishika kamera ya namna hii kwa mara ya kwanza hukutana na mafumbo kadhaa. Mgongoni kuna vidirisha viwili vyekundu. Juu ya lenzi kuna mkono mdogo wenye vioo vya duara vinavyozunguka. Shata, yaani mlango mdogo unaofunguka kuruhusu mwanga na kufunga, lazima ikokiwe (springi yake ikazwe) kwa kidole kabla ya kila picha, kazi tofauti kabisa na ile ya kusogeza filamu. Vinaonekana kama mambo matatu yasiyohusiana. Kwa kweli yote yanatokana na uamuzi mmoja: lenzi iweze kuondoka na kurudi. Ukiufuatilia uamuzi huo hadi mwisho wake, kamera nzima inaeleweka.

Hewa iliyo kati ya lenzi na filamu

Lenzi haikai popote inapotaka. Ili mti ulio mbali uonekane mkali kwenye filamu, lenzi ya milimita 75 inatakiwa iwe takriban milimita 75 mbele ya filamu hiyo. Ukiisogeza karibu zaidi, picha inavurugika. Na namba yenyewe, 75, haikuchaguliwa kiholela. Lenzi inayotoa mtazamo wa kawaida, usiopanua mandhari wala kuvuta vya mbali, huwa na urefu wa fokasi (ule umbali wake na filamu kwa kitu kilicho mbali) unaokaribiana na mshazari wa fremu. Fremu ya milimita 24 kwa 36 ina mshazari wa milimita 43, ndiyo maana kamera zake zikivalishwa lenzi ya milimita 50 zinabaki nyembamba. Fremu iitwayo 6×4.5, ambayo kwa vipimo halisi ni kama milimita 56 kwa 41.5, ina mshazari wa milimita 70. Ya 6×6 inafikia 79. Ya 6×9 inakaribia 100, na lenzi yake ya kawaida ni ya milimita 105. Kila ukitaka filamu kubwa zaidi, unalipa kwa umbali mrefu zaidi kati ya filamu na lenzi.

Umbali huo hauna kitu ndani yake. Ni hewa, na sharti lake ni moja tu: mwanga wa pembeni usipite. Kamera ya sanduku hubeba hewa hiyo saa zote, hata inapokuwa kabatini. Kamera ya kukunja huzijenga kuta zake kwa mvukuto, yaani mfuko mweusi wa ngozi au kitambaa uliokunjwakunjwa, ambao hutanuka wakati wa kupiga picha na kujibana kazi ikiisha.

Kuna werevu wa pili ambao watu wengi hawauoni kwa sababu umefichika ndani. Filamu ya 120 haina mkebe kama ile ya milimita 35. Huviringishwa pamoja na karatasi ndefu kwenye spuli, ule mhimili mwembamba wenye visahani viwili, na husafiri kutoka spuli iliyojaa kwenda kwenye spuli tupu. Spuli hizo hukaa kwenye ncha mbili za mwili wa kamera. Katikati yao hubaki bonde, na mvukuto ukijikunja, lenzi na shata hulala ndani ya bonde hilo. Kwa hiyo unene wa kamera iliyofungwa si jumla ya spuli na mvukuto na lenzi. Vyote vimelala bega kwa bega, na spuli ndiyo karibu inayoamua kamera iwe nene kiasi gani.

Faida yake inaonekana kwenye kusafisha picha. Chukua negativu ya 24 kwa 36 uifanye picha ya upana wa sentimita 45: utakuwa umeikuza mara 12 na nusu. Ile ya 6×4.5 inafikia upana huohuo ikikuzwa mara 8. Chembechembe za filamu zinabaki ndogo, mabadiliko kutoka kivuli kwenda kwenye mwanga yanakuwa laini, na hata lenzi ya kawaida inaonekana bora kwa sababu makosa yake hayakuzwi sana. Hili la mwisho nalisisitiza kwa wanaonunua: kwenye filamu kubwa, jina la lenzi lina uzito mdogo kuliko tunavyodhani.

Familia ya Ikonta

Zeiss Ikon ilizaliwa mwaka 1926 huko Dresden, Ujerumani, baada ya kampuni nne za kamera kuunganishwa: Ica, Ernemann, Goerz na Contessa-Nettel. Ikonta za kwanza zilitoka mwaka 1929, na mwaka 1934 zikafuatwa na Super Ikonta, zenye kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Namba zao huwachanganya watu, kumbe zina mpangilio. Kiambishi /2 baada ya namba kinamaanisha fremu ya 6×9, /16 kinamaanisha 6×6, na namba isiyo na kiambishi, kama 530 au 531, ni ya 6×4.5. Wanaoziita Super Ikonta A, B na C wanazungumzia mgawanyo huohuo: A ni 6×4.5, B ni 6×6, C ni 6×9.

Lenzi ya heshima kwenye familia hii ni Tessar, iliyobuniwa na Paul Rudolph kwa kampuni ya Carl Zeiss, Jena, mwaka 1902: vioo vinne katika makundi matatu. Kwenye 530 na 531 ni Tessar ya f/3.5 (namba ya tundu la kuingizia mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), yenye urefu wa sentimita 7 au milimita 75 kulingana na toleo. Ikonta za bei nafuu na ndugu zake Nettar mara nyingi zilipewa Novar, lenzi ya vioo vitatu. Shata za hali ya juu, Compur, zilitoka kwa Friedrich Deckel wa München. Zile za Prontor zilitoka kwa Alfred Gauthier wa Calmbach.

Wapinzani walikuwa wengi. Voigtländer ya Braunschweig ilitoa Perkeo miaka ya 1950, ambayo kwa maoni yangu ndiyo 6×6 iliyobanwa kwa ustadi kuliko zote. Agfa ilikuwa na Isolette, iliyouzwa kwa wingi. Huko Krasnogorsk, Muungano wa Kisovieti ulitengeneza Moskva kwa mtindo wa Ikonta na Super Ikonta za 6×9. Kanuni ni zilezile kwa zote, kwa hiyo ninayoieleza hapa kwa Super Ikonta inafaa pia kwa aliye na mojawapo ya hizo.

Kusogeza kioo kimoja badala ya lenzi nzima

Kwenye kamera ya kawaida ya wakati ule, ukitaka kupiga mtu aliye karibu, unaisogeza lenzi nzima mbele. Kwa lenzi ya milimita 75, kutoka mandhari ya mbali hadi mtu aliye mita moja na nusu, mwendo huo ni kama milimita 4. Ni mdogo, lakini unataka reli imara na iliyonyooka, na kwenye kamera ya kukunja lenzi imeshikwa na vyuma vyembamba vinavyojikunja. Kuongeza reli juu ya vyuma hivyo ni kuongeza uzito, gharama na ulegevu.

Wabunifu wakachagua njia nyingine: lenzi nzima inabaki palepale, na kioo cha mbele peke yake ndicho kinachozungushwa kwenye nyuzi zake za skrubu. Kikisogea mbali kidogo na kioo cha pili, urefu wa fokasi wa lenzi nzima hubadilika, na fokasi huja karibu. Mwendo unaotakiwa ni sehemu ndogo tu ya zile milimita 4. Kazi nzima inakuwa ya pete moja unayoizungusha kwa vidole.

Gharama ipo. Lenzi ilikokotolewa ikiwa na nafasi fulani kati ya vioo vyake, na ukiibadilisha nafasi hiyo unavuruga hesabu. Kwa mandhari na kundi la watu walio mita tano, hutaona tofauti. Kwa uso wa mtu aliye karibu kabisa na tundu likiwa wazi kwenye f/3.5, pembe za picha hulegea. Punguza tundu hadi f/8 na sehemu kubwa ya tatizo inatoweka. Wapo wanaolidharau jambo hili na wapo wanaolikuza kupita kiasi. Mimi naliona kuwa mapatano ya haki, kwa sababu bila hilo kamera isingekuwa nyembamba hivyo.

Kabari mbili za kioo

Hapa tumefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo inastahili kuelezwa taratibu.

Kipima umbali cha aina yoyote hutazama kitu kimoja kutoka sehemu mbili zilizotengana kidogo. Unapochungulia unaona picha mbili za kitu hicho. Kuna sehemu inayozungushwa ili kuupinda mmoja wa miale miwili ya mwanga inayoleta picha hizo hadi zilingane, na kiasi cha kupinda ndicho kinachosema kitu kiko umbali gani. Kwenye kamera nyingi, kinachoupinda mwale ni kioo cha kuakisi kilicho ndani ya mwili wa kamera, kinachosukumwa na mkono wa chuma unaoigusa lenzi. Lenzi ikisogea, mkono unasogea, kioo kinageuka.

Sasa fikiria lenzi iliyo mbele kabisa, upande wa pili wa mvukuto, juu ya vyuma vinavyokunjika. Mkono wa chuma kutoka kwenye lenzi hadi mwilini ungepaswa kukatika kila unapoifunga kamera na kujiunga upya kwa usahihi uleule kila unapoifungua. Ulegevu wa unywele mmoja ungetosha kuharibu kipimo. Ndiyo sababu kamera nyingi za kukunja hazina kipima umbali kabisa, na nyingine, kama Mess-Ikonta za miaka ya 1950, zina kipima umbali kilichojitenga: unasoma umbali juu ya kamera, kisha unauhamishia kwenye pete ya lenzi kwa mkono wako.

Zeiss Ikon walifanya jambo jingine. Karibu na lenzi waliweka mkono mdogo unaosimamishwa baada ya kamera kufunguliwa, na ndani ya mkono huo kuna kabari mbili za kioo zenye umbo la duara, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Zimeunganishwa kwa meno ya gia na kioo cha mbele cha lenzi. Ukizungusha pete ya fokasi, kabari huzunguka kwa wakati mmoja, moja kulia na nyingine kushoto. Kila kabari peke yake ingeupinda mwale kwa upande na kwa juu au chini. Kwa kuwa zinazunguka kinyume, kupinda kwa juu na chini kunafutana, kunabaki kwa upande tu. Na kwa upande ndiko kunakohitajika.

Mwale uliopindwa unatoka kwenye kabari, unapita hewani, na kuingia kwenye kidirisha kidogo kilicho mwilini, ambako unakutana na mwale wa pili na kufika kwenye jicho lako. Angalia kilichotokea: kati ya lenzi na mwili hakuna chuma kinachovuka. Kinachovuka ni mwanga. Ndani ya mwili hakuna kinachosogea, ni vipande vya kioo vilivyotulia. Hii ndiyo sababu kipima umbali cha Super Ikonta iliyopita miaka 80 mara nyingi bado ni sahihi, ilhali vya kamera nyingi zilizokuja baadaye vimeyumba. Hakuna cha kuyumba, isipokuwa fundi awe amekiondoa kioo cha mbele na kukirudisha kwenye jino lisilo lake.

Vidirisha vyekundu na hesabu ya kumi na sita

Filamu ya 120 ilianzishwa na Kodak mwaka 1901 kwa ajili ya kamera yake ya No. 2 Brownie, na inatengenezwa hadi leo. Karatasi iliyo mgongoni mwake ina kazi mbili: kuzuia mwanga, na kubeba namba. Kwa kuwa filamu hii haina matundu pembeni kama ile ya milimita 35, kamera rahisi haina namna ya kujua imesogea kiasi gani. Mpiga picha ndiye anayejua, kwa kuzisoma namba hizo kupitia kidirisha cha mgongoni.

Kwa nini chekundu? Filamu za zamani hazikuona rangi nyekundu, kwa hiyo mwanga uliochujwa na kidirisha haukuzidhuru hata ukipenya karatasi. Filamu nyeusi-nyeupe za sasa, na zote za rangi, zinaona nyekundu vizuri sana. Kinga iliyobaki ni karatasi yenyewe na kifuniko kidogo cha chuma ambacho kamera nyingi za baadaye zilipewa. Kwenye jua letu la saa saba mchana, sogeza filamu ukiwa kivulini au geuza mgongo wako kwa jua, fungua kifuniko unapozungusha, kifunge namba ikifika. Ni tabia ya sekunde tano na inaokoa filamu nzima.

Kuhusu vidirisha kuwa viwili: filamu za wakati wa Ikonta za kwanza zilibeba namba za picha 8 za 6×9. Fremu ya 6×4.5 ni nusu kamili ya hiyo. Basi kamera za 6×4.5 zilitobolewa vidirisha viwili vilivyotengana kwa upana wa fremu moja, na kila namba hutumika mara mbili. Unazungusha hadi 1 itokee kwenye kidirisha cha kwanza, kile kilicho upande wa spuli iliyojaa, unapiga. Unazungusha tena hadi 1 ileile ifike kwenye kidirisha cha pili, unapiga. Kisha 2 kwenye cha kwanza, 2 kwenye cha pili, hadi 8 ipite mara mbili. Zinakuwa picha 16.

Siku hizi karatasi ina safu tatu za namba: 1 hadi 8, 1 hadi 12 kwa 6×6, na 1 hadi 16. Safu hiyo ya tatu haionekani kwenye 530 na 531 kwa sababu vidirisha vyake vimewekwa juu ya safu ya 8. Asiyejua hili hutumia kidirisha kimoja, anapata picha 8 zenye mapengo makubwa katikati, halafu anadhani kamera ni mbovu. Kamera iko sawa kabisa.

Super Ikonta za 6×6 ziliamua kuhesabu zenyewe. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, maana spuli inayopokea hunenepa kadiri filamu inavyoviringika, na mzunguko mmoja mwishoni huvuta filamu nyingi kuliko mzunguko mmoja mwanzoni. Mtambo lazima ulipie tofauti hiyo. Kwa 530/16 na 532/16 malipo yalikuwa fremu moja: zinatoa picha 11 badala ya 12. Mimi bado naviamini vidirisha zaidi. Havina gia ya kuchakaa.

Shata isiyojua habari za filamu

Shata imo ndani ya lenzi, ng'ambo ya mvukuto. Kifundo cha kuzungushia filamu kiko mwilini. Kama ilivyokuwa kwa kipima umbali, kuviunganisha viwili hivi kungehitaji chuma kivuke sehemu inayokunjika, na mara hii hakuna mwale wa kusaidia. Wabunifu wengi waliamua visiunganishwe. Unasogeza filamu, unakoki shata, unapiga. Ukisahau la kwanza, unapiga picha mbili juu ya fremu moja. Ukisahau la pili, hakuna kinachotokea.

Toleo la 531 lilipewa kitufe cha kupigia kilicho mwilini, pamoja na kizuizi: ukishapiga, kitufe hakibonyezeki tena hadi filamu isogezwe. Kizuizi hicho kinalinda dhidi ya kurudia fremu, lakini hakikoki shata kwa niaba yako, na humkera mtu ambaye alibonyeza kabla ya kukoki. Njia ya kutoka ni kukoki na kuisukuma shata kwa wenzo wake mdogo ulio kwenye lenzi yenyewe.

Compur ina sharti ambalo mafundi hulirudia: ukitaka kasi ya juu kabisa, kama 1/500, ichague kabla ya kukoki. Kasi hiyo inaamsha springi ya ziada, na kuilazimisha pete wakati shata imeshakokiwa ni kutafuta kuvunja. Kichelewesho, kile cha kumpa mpiga picha muda wa kukimbilia kwenye kundi, nacho kiache kilale. Kwenye shata yenye umri huu kinaweza kukwama katikati na kuifunga shata nzima.

Unapotaka kununua

Jina la lenzi likupumbaze mwishoni, si mwanzoni. Anza na mvukuto. Ingia chumba chenye giza, fungua kamera, fungua mgongo, ingiza tochi ndogo ndani na uitazame kwa nje huku ukiuchezesha mvukuto. Matundu hujificha kwenye pembe za mikunjo, pale ngozi inapopinda mara mbili. Nukta moja ya mwanga unayoiona kwa jicho itakuwa doa jeupe kwenye kila picha. Isolette za miaka ya 1950 zinajulikana kwa mivukuto inayotoboka na kwa grisi ya kijani inayogandisha pete ya fokasi. Zeiss Ikon wana sifa nzuri zaidi kwenye mivukuto. Tundu moja dogo linazibika kwa rangi nyeusi inayonyumbulika, ila mvukuto uliochoka kote unahitaji kubadilishwa.

Kisha tazama kama lenzi imesimama sambamba na filamu. Vyuma vilivyopinda kwa kuangushwa huinamisha lenzi kidogo, na matokeo yake ni picha kali upande wa kushoto na iliyolegea upande wa kulia. Pitisha jicho kutoka juu na kutoka pembeni. Ibonyeze lenzi taratibu kwa kidole: isicheze.

Shata isikilize. Kwenye sekunde 1 inapaswa kuunguruma kwa mtiririko hadi ijifunge. Ikisita, grisi imekauka. Kasi za juu huwa nzito kidogo kwenye nyingi, kwa mfano 1/100 inayofanya kazi kama 1/50, na filamu ya negativu huvumilia ziada hiyo ya mwanga bila malalamiko. Usitie mafuta. Mafuta hutambaa hadi kwenye majani ya shata na kuyagandisha.

Fokasi unaweza kuikagua nyumbani. Fungua mgongo, bandika ukanda wa selotepu isiyong'aa juu ya reli ambako filamu hupita, weka shata kwenye B (alama ya kuiacha wazi kadiri unavyobonyeza) na tundu kwenye f/3.5, elekeza kamera kwenye mnara au mnazi ulio mbali, pete ikiwa kwenye alama ya mwisho. Kwa kioo cha kukuzia, taswira kwenye selotepu inapaswa kuwa kali. Chungulia pia kwenye kipima umbali: picha mbili za mnara zilingane. Vikipatana vyote viwili, umepata kamera iliyotunzwa.

Kupiga nayo

Jambo moja la kimaumbile kwanza. Mvukuto ukitanuka kwa ghafla unavuta hewa, na hewa hiyo inaweza kuivuta filamu mbele, mbali na bamba linaloikandamiza. Filamu ikijipinda, ukali unapotea hata kama fokasi ni sahihi. Fungua kamera polepole, ukiuzuia mlango kwa kiganja, na isogeze filamu baada ya kufungua, kabla tu ya kupiga. Tabia hiyo inaiweka filamu ikiwa imenyooka.

Fremu za 6×4.5 zitakushangaza mwanzoni: ukishika kamera kwa ulalo, picha inakuwa ya wima. Filamu inasafiri kwa urefu wa kamera na fremu inachukua sentimita 4.5 tu za safari hiyo, ilhali upana wa filamu ndio unaokuwa kimo cha picha. Kwa picha za watu hili ni zawadi.

Kwa mwanga, filamu ya ISO 100 chini ya jua kali inataka f/16 na 1/100, namba ambayo imeandikwa vilevile kwenye Compur za zamani. Jua la utosini huku kwetu huacha vivuli vizito chini ya paji la uso, kwa hiyo kwa picha za watu nenda f/11 au hata f/8 na uzipe nyuso mwanga wake. Anga itavumilia. Na kwenye f/11, lenzi ya milimita 75 ikiwekwa kwenye mita 10 inashika kila kitu kutoka mita 5 hivi hadi upeo wa macho. Ikonta na Nettar nyingi zina nukta nyekundu kwenye pete ya umbali na nyingine kwenye tundu kwa ajili ya mpango kama huo. Ukiziweka kwenye nukta, kamera ambayo inasifiwa kwa utaratibu wake mrefu inakuwa ya haraka kabisa: koki, piga, zungusha.

Lenzi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hazikupakwa tabaka la kuzuia mwakisiko. Alexander Smakula wa Zeiss alivumbua upakaji huo mwaka 1935, lakini kwa wanunuzi wa kawaida ulienea baada ya vita, na kwenye Tessar hutambulika kwa herufi T nyekundu. Tessar ina nyuso sita zinazogusana na hewa, na kila uso usiopakwa hurudisha asilimia 4 hadi 5 ya mwanga. Sehemu ya mwanga huo huzungukazunguka ndani na kutandika weupe juu ya picha. Kikinga jua cha lenzi, au kofia iliyoshikwa vizuri, husaidia sana kuliko kubadilisha kamera.

Kwa walio Tanga, Mombasa, Unguja na mwambao wote, adui mkubwa wa kamera hizi ni unyevu. Kuvu huota kwenye kioo kilichofungiwa gizani kwenye joto, na kwenye kamera ya kukunja lenzi imefungiwa nyuma ya mlango, pamoja na mvukuto wa ngozi unaonyonya unyevu. Mkoba wa ngozi uliokuja nayo ni mzuri kwa safari na mbaya kwa kuhifadhia. Weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, vikaushe vifuko hivyo mara kwa mara, na angalau kila mwezi ifungue kamera, iache ipate hewa na mwanga kwa saa moja, ukikoki na kuipiga shata kwenye kila kasi.